Ndoo Mwisho Ukingoni

Mikono ya Mama Mapacha ilinuka vitunguu hata siku za mapumziko. Tangu mumewe alipomkimbia na kumwachia mabinti wawili na godoro moja, alikula jasho lake shambani kwa tajiri: kung'oa vitunguu, kukata majani, kujaza ndoo. Malipo yalikuwa kwa ndoo. Lakini msimamizi, shemeji yake mwenyewe, hakuihesabu ndoo mpaka vitunguu virundikane juu ya ukingo kama kichuguu.

"Shemeji, ongeza kilima."

"Kilima hicho nani ananilipa?"

"Ah, shemeji nawe! Vitunguu vitatu tu."

"Kaka yako alishachukua vyangu vya kutosha. Ukoo wenu mna mikono mirefu!"

Wanawake vibarua wenzake wakaangua kicheko. Mama Mapacha hakucheka. Akapitisha mkono juu ya ndoo yake, kilima kikaporomoka. Kisha akaketi na kufutika kisu.

"Ndoo mwisho ukingoni. Sikati tena."

Akifukuzwa, hapakuwa na shamba jingine la kibarua hapo karibu. Lakini mawingu yalikuwa yametanda, na vitunguu vilivyong'olewa vililala chini, vikinyeshewa, vinaoza. Mmoja mmoja, wenzake nao wakaketi.

Tajiri alikuja mbio, shati nje. Akamvuta pembeni, akanong'ona, "Mama, wewe ni mtu wangu. Yako tutaipima ukingoni. Waambie hawa wainuke."

"Sema kwa nguvu, baba," alijibu kwa sauti ya kuita mbali, "wenzangu hawajasikia!"

Tone la kwanza likadondokea upara wa tajiri. Akatazama juu, akawatazama wanawake, kisha akainama na kuisawazisha ndoo ya jirani kwa kiganja chake mwenyewe.

"Haya, ukingoni! Wote! Kateni basi!"

Wakakata mbio mbio. Mvua ilipokolea, ilikuta shamba jeupe, bila kitunguu chini.

Msimu uliofuata Mama Mapacha hakuitwa kazini. Shemeji alipita mlangoni kwake akijifanya anaongea na simu. Iliuma, na bado inauma. Siku hizi anafua nguo za watu. Ila huko shambani, ndoo ikizidi, wanawake huambiana, "Mpitishe Mama Mapacha," na mkono unapita, kilima kinaanguka.

Vitunguu hanunui. Wakirudi jioni humwachia mlangoni, naye huvipokea bila shukrani nyingi, kwa kuwa anajua ni vyake.