Mama Aliyeanzia Somo la Mwisho

Juzi, kwenye stationari moja ya Kihesa, nilimkuta mama mfanyabiashara, anayenunua mchele kwa magunia huko Madibira, akimchagulia bintiye kozi ya akili mnemba ya mtandaoni. Zilikuwa mbili. Binti alishaipenda yenye video nzuri.

"Fungua somo la mwisho," mama akasema.

"Mama, watu wanaanza la kwanza."

"La kwanza kila mtu analipamba. Mimi gunia nalichoma bambo, kile chuma cha kuchotea mchele, mpaka chini, nione mchele wa chini ukoje."

Kozi ya video iliishia kwenye pongezi na cheti. Nyingine iliishia kwenye kazi: kuifundisha kompyuta itambue mpunga wenye ugonjwa.

"Hii," mama akasema, akikaza kitenge.

Mimi nina vyeti vitatu vya kozi kama hizo ukutani. Kompyuta sijaifundisha chochote.