Mtihani wa Bia

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba baa ya uwanja wa ndege wa Entebbe ni fasi ya mahojiano ya mwisho. Habari hiyo tuliletewa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na fundi baiskeli, mtu ambaye hajapanda kitu kirefu kuliko ngazi.

"Ukishaiona ndege kwa kioo, hapo njo banakutega," alisema. "Kuna mwanamke anajifanya muuzaji. Yule ni ofisa! Ukikataa bia, banasema huyu hataweza kuishi na bazungu. Banakurudisha kulima mahindi."

Nitakosaje kuamini? Sisi watu wa kambi tumehojiwa mpaka mtu akituuliza saa, tunaanza na habari za vita. Na safari yenyewe ya kuhamia ng'ambo, ya mimi, mke wangu na mapacha wetu, tuliingoja mpaka ndevu zangu zikaota mvi, zikanyolewa, zikaota tena. Shida ni kwamba mimi ni mlokole. Kanisani kwetu ukinusa kizibo tu unaitwa mbele.

Basi nikaenda Mbarara kusoma bia, kama nilivyosoma hesabu shule ya jioni. Mwalimu wangu alikuwa mke wa askari, mwenye kibanda cha vinywaji karibu na kambi ya jeshi.

"Banange! Mlokole anataka kufundishwa bia?" Alicheka hadi akashika mlango. "Haya, kunywa. Wacha kufunga macho, hiyo si dawa ya minyoo!"

Funda la kwanza lilinikunja uso, masikio yakakaribia kusalimiana. Lakini nilihitimu. Alinifundisha hata kusema "baridi" bila kutetemeka.

Siku ya safari, Entebbe, tukaambiwa ndege imechelewa. Nikajua: mtego huo. Nikamwacha mke wangu na watoto kwenye viti, nikaenda kaunta, nikavua kofia.

"Karibu, ssebo. Nikupe nini?" akauliza mhudumu.

"Bia. Baridi. Mimi ni yuleyule, baba wa watoto wawili, nilizaliwa Fizi, nilikimbia kwa miguu, sijawahi kushika bunduki, na majibu yangu hayajabadilika."

Akanitazama kidogo. "Chupa ama glasi?"

Hilo fundi hakulisema! Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. "Vyote," nikajibu. "Na niko tayari kabisa kuishi na wazungu."

Alipomimina tu, mke wangu akatokea nyuma yangu, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi.

"Baba Mapasa! Pombe? Na Biblia iko mu kifuko chako?"

"Polepole, mama," nikamnong'oneza. "Ni mahojiano ya mwisho. Na wewe unywe, ao tunarudi Nakivale sisi wote."

Mke wangu ni kiongozi wa kwaya. Akaitazama glasi. Akawatazama watoto. Akaitazama ndege kule nje ya kioo, nyeupe, kubwa kama mtaa mzima. Kisha akainua glasi, akaiombea kwa sauti, akaimaliza yote bila kupumua. Mimi nikamaliza chupa.

Akajifuta povu, akamgeukia mhudumu kwa heshima zote.

"Ofisa, tumepita?"

Mhudumu akaweka kitambaa chake chini.

"Mama, hii ni baa tu. Watu wanakunywa hapa wakingoja ndege. Mimi nauza bia."