Mkono wa Mkwe

Tusimsingizie Protase. Hakuwa mvivu, hakuwa tapeli, na kwa kupiga picha za familia hapa Bukoba mjini hakuna wa kumtisha. Simu zimekuja, kila mtu sasa ni mpiga picha, lakini mtoto akipata komunio ya kwanza, au wazee wakitimiza miaka hamsini ya ndoa, watu bado wanavaa wakapendeza na kupanda ngazi za studio yake. Anajua kupanga watu. Anajua bibi akae wapi, nani asimame nyuma ili kitambi kisionekane, na mashemeji wasiosemeshana watenganishwe na watoto wangapi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba neno "haiwezekani" lilikuwa gumu kwake kulitamka. Na hilo ndilo lililomponza.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita walikuja studio mama mmoja na mwanawe kutoka Ijumbi, kule Muleba. Mama aliitwa Kokwijuka, na mumewe alikuwa amefariki karibu mwaka mzima uliopita. Mwanawe, Rwekaza, alieleza shida: ibada ya kumbukumbu inakaribia, na wanataka picha kubwa ya marehemu ya kutundika sebuleni. Ma Kokwijuka akafungua fundo la khanga, akatoa kitambulisho cha taifa cha mumewe, akakiweka mezani.

Protase alipokitazama, moyo ukampasuka paa! Alimjua yule mzee. Ni Nathanieli. Miaka miwili nyuma alikwenda Ijumbi kupiga picha za harusi, na wakati anafunga vyombo vyake mzee huyo alimfuata hadi kwenye gari, amevaa koti, mkewe nyuma yake ameshafunga kilemba. "Mwanangu, tupige na sisi moja, tumekaa. Hatuna hata moja." Protase alikuwa na njaa, tena ana haraka ya kurudi kwake Nyanga. Akasema betri imekwisha, atarudi Jumamosi. Betri ilikuwa nusu. Jumamosi hakurudi, wala Jumamosi nyingine yoyote aliyoijalia Mungu.

Kama mama alimkumbuka, hakusema. Alisema tu, "Hapa ni kichwa peke yake, tena amenuna kwa sababu walimwambia asicheke. Mimi nataka nimwone amekaa. Inawezekana?"

Hapo ndipo mwanamume angesema ukweli. Lakini aibu ilikuwa imeshamshika, na mtu aliyeshikwa na aibu hupayuka.

"Hilo dogo, mama," akasema.

Dogo! Hebu fikiria. Kumkalisha marehemu kunataka mwili, na mwili huna. Lakini Protase alikuwa na picha za miaka kumi na tano ndani ya kompyuta, na wazee waliokaa vitini walijaa humo tele. Akapekua siku mbili. Akampata mzee mmoja wa Kanazi, amekaa wima, kanzu nyeupe na koti la kahawia, mikono imetulia juu ya magoti. Akamkata shingoni. Akapachika kichwa cha Nathanieli, akalainisha kiungo, koti akaligeuza jeusi, na pembe za midomo akazivuta juu kidogo ili mzee atabasamu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akaangalia, machozi yakamlengalenga. Alijiona ametubu bila kuungama.

Picha aliipeleka mwenyewe mpaka Ijumbi, Alhamisi kabla ya ibada, ikiwa ndani ya fremu ya dhahabu. Ma Kokwijuka akaifungua, akaitazama muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya kioo, taratibu, pale kwenye magoti.

"Asante, mwanangu," akasema mwishowe. "Umehangaika sana."

Akaifunika na khanga. Alimwomba Rwekaza isitundikwe kwanza, ila Rwekaza hakutaka kusikia. Wageni wote lazima waione. Protase akarudi mjini akipiga mluzi njia nzima.

Siku ya ibada alialikwa, akapewa kiti cha mbele kabisa kama mtu wa maana. Na sasa sikiliza mambo. Pembeni yake walikuwa wamekaa wakwe, yaani wazazi wa Edvina, mke wa Rwekaza. Baba yake Edvina alikuwa mzee wa Kanazi aitwaye Kagaruki. Protase alimsalimia, akajiuliza amemwona wapi, akasahau. Maskini ya Mungu! Shingo aliyoikata kwa mikono yake, hakuitambua ikiwa na kichwa chake.

Mchungaji akaomba, Rwekaza akavuta kitambaa kilichofunika picha. Nathanieli huyo, amekaa, anatabasamu. Watu wakaguna kwa uchungu mtamu, akina mama wakaanza kufuta macho.

"Edvina!" Mzee Kagaruki akaita, sauti ikapasua utulivu. "Mwanangu, macho yangu siku hizi si mazuri. Hebu nisaidie. Ule mkono wa kushoto pale ukutani ni wa nani?"

Edvina akatazama, akakijua kidole cha baba yake. Akajifunika uso kwa kitenge.

Mzee Kagaruki akasimama, akainua mkono wake wa kushoto juu. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu. Panga lilikula nusu nyingine akiwa kijana, akikata majani makavu ya migomba kibanjani. Vichwa vyote vikageuka kutoka kwenye mkono kwenda ukutani, na kutoka ukutani kurudi kwenye mkono. Pale kwenye picha napo kidole kilikuwa nusu.

"Mawe! Mama yangu!" akasema bibi mmoja.

"Mimi ni mzima jamani!" mzee akafoka. "Huu ni uchuro gani? Nimekatwa kichwa nikiwa hai, halafu nikakalishwa ukutani kwa wakwe zangu kama mwenye nyumba! Mimi! Nimefanywa mume wa mkwe wangu!"

Mkwe, ambaye huku kwetu hata mlango wa chumba cha mwenzake haukaribii! Mtu mmoja nyuma alicheka, akajidai anakohoa. Watoto hawakujidai chochote, walicheka mpaka wakatolewa nje.

Protase alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ta Protase," Rwekaza akamgeukia, akimwita kwa heshima ya Kihaya, sauti chini. "Ni kweli?"

Ulimi wake ulikuwa umeshaandaa uongo mwingine: kompyuta imechanganya, mafundi wa fremu wamekosea. Akainua macho, akakutana na ya Ma Kokwijuka. Hayakuwa na hasira. Uongo ukafia mdomoni.

"Ni kweli," akasema mbele ya watu wote. "Mwili ni wa Ta Kagaruki. Na marehemu aliniomba nimpige picha akiwa hai, nikamwambia betri imekwisha. Haikuwa imekwisha."

Hakuna aliyempiga. Hakuna hata aliyemtukana, ukimwacha Mzee Kagaruki, na yeye alikuwa na haki yake. Rwekaza alishusha fremu, akaigeuza uso ukutani, na mchungaji akaanzisha wimbo. Baadaye chakula kiligawiwa na Protase naye akaletewa sahani ya ndizi. Hakuigusa. Akainuka na sahani yake, akamfuata Ma Kokwijuka nyuma ya nyumba alipokuwa amekaa peke yake kwenye kigoda, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nipe siku mbili tu, nitatafuta mwili mwingine, nitamtengeneza vizuri."

"Hapana," akasema mama. "Mume wangu usimtengeneze tena."

Akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nilijua tangu Alhamisi. Mikono ya Nathanieli nimeishika miaka arobaini na sita, mwanangu. Nisiijue?"

Protase akainua uso. "Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni, umefurahi, unasubiri na mimi nifurahi. Nikakuonea haya. Ndiyo maana nikakushukuru."

Protase akainamisha kichwa, akaanza kulia kama mtoto, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Angezabwa kofi ingekuwa nafuu. Ma Kokwijuka akamwacha alie mpaka basi. Kisha akaichukua ile sahani, akaona haijaguswa, akamuuliza kama ndizi zimepoa, amletee nyingine za moto.