Mkate wa Saladi ya Binti Yangu

Shoga yangu, nakuambia wewe kwa sababu najua hutanicheka. Mimi nimesoma masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Binti yangu wa pekee ni mpishi kwenye hoteli ya watalii huko Mikumi. Mimi nipo Kilosa, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba yake. Tangu aanze kazi hajalala hapa. Juzijuzi akapiga simu kuwa amepewa mapumziko, Jumapili anakuja kula mchana. Nikamuuliza nimpikie nini. Akasema, "Usihangaike, mama. Siku hizi wali mchana unanishinda, nakula saladi tu."

Nikaamua saladi ataikuta kwangu. Niliona akikuta chakula chake hapa, atakuwa na sababu ya kurudi tena. Akanielekeza kwa simu: majani mabichi ya saladi, mayai ya kuchemsha, limau na mafuta, na juu yake vipande vya mkate vilivyokaangwa na kitunguu saumu mpaka vikauke, ukitafuna visikike.

Jumapili nilipomaliza swala ya alfajiri nikawasha jiko. Mkate ulikuwa wa jana, nikaukata vipande vidogo, nikaukaanga kwa moto mdogo huku nikivuta uradi. Ukatoka mzuri. Kwenye majani ndipo nilipoharibu. Niliyatia chumvi nikayafikicha, kama tunavyofikicha kitunguu cha kachumbari kiache ukali. Yakanywea yote mkononi, utadhani mchicha uliotoka jikoni. Nilipompigia kumweleza, akacheka mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kuna nini.

"Mama, hapo umeshapika. Hayafikichwi hayo. Yaoshe tu, uyachane."

Nikarudi sokoni kununua mengine. Nikaandaa sahani mbili mkekani, na mkate kwenye bakuli, nikafunika na kawa, nikavaa khanga niliyoiweka kwa ajili ya Idi.

Nikaswali adhuhuri, hajafika. Kisha simu ikalia, ni yeye. Wageni wameongezeka hotelini, mapumziko yamefutwa. "Nisamehe, mama. Ule mkate uweke kwenye kopo, ulifunge vizuri. Unakaa." Nikamwambia haina neno, mwanangu, kazi kwanza. Simu ilipokatika nikaichukua sahani yake niirudishe kabatini. Nikafika nayo mlangoni, nikashindwa. Nikairudisha mkekani, nikakaa mbele yake.

Akaingia jirani, mke wa mfugaji mmoja wa wale waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao. Watu wa mashamba hapa hawajawazoea, na mimi nilikuwa naishia kumsalimia tu. Alileta maziwa niliyoagiza kwa chai ya binti yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae, chakula kipo."

Akakaa kwenye sahani ile. Akayaangalia majani, akayageuza kwa kidole. "Mama, mabichi hivi hivi? Kwetu ng'ombe wangeshukuru."

Nikajikuta nacheka. Majani hakuyagusa. Ila nilipompikia chai kwa maziwa yale, mkate aliuonja, akauchovya kwenye chai, akachovya tena, na kitunguu saumu chake, mpaka bakuli likabaki na chenga. Alipoaga, nyumba ikawa kimya kuliko asubuhi. Majani nikayala peke yangu, yameshalegea kwa limau.

Siku hizi akileta maziwa simwachi aondoke bila kukaa. Tunachovya mkate mpaka kopo linaisha, nami nakaanga mwingine. Binti yangu bado hajaja. Kila swala namwombea, sijachoka. Akipiga simu huuliza, "Mama, ule mkate bado upo?"

Namjibu upo. Simwambii kuwa ni mwingine.

Basi nawe, ukimaliza kusoma, msimulie mwenzako, hasa yule aliyemwacha mama yake peke yake nyumbani. Mwambie asiulize kwa simu kama mkate upo. Aje alifunue kopo mwenyewe.