Kambare Aliyekataliwa Hekaluni

Wichian, fundi viatu wa mji wa Ayuthaya, alimnunua kambare wa mkia mwekundu angali mdogo, urefu wa kidole tu. Kila anayejua samaki alimwonya kuwa huyo atakua mno, lakini nani humsikiliza mwenye akili? Sasa kambare ana uzito wa mtu mzima, na akitaka kugeuka katika bwawa la uani lazima ajikunje kama mkeka.

"Mpeleke hekaluni ukamwachilie mtoni," alisema mkewe, Lamduan. "Wewe upate thawabu, naye apate pa kunyoosha mkia."

Kuachilia samaki ni thawabu, hivyo ndivyo walivyolelewa wote. Wichian akamfunga kambare katika turubai lenye maji, akaazima gari la jirani, akafika gatini pa hekalu akitabasamu kama bwana harusi.

Mtawa mzee akachungulia ndani ya turubai. "Mwanangu, huyu si wa mto wetu. Samaki wa gati hili tunawalisha mkate, hakuna anayewavua. Huyu atawameza. Unaingiza fisi zizini?"

"Basi nimuuze sokoni, Baba Mtawa?"

"Wamchinje? Dhambi yako hiyo."

"Kumwachilia dhambi, kumuuza dhambi! Sasa thawabu iko wapi?"

"Huko huko ulikomlea."

Wichian akarudi naye, kichwa kinamzunguka. Jioni Lamduan akamkuta anabomoa ukuta wa jikoni ili apanue bwawa.

"We mwanaume! Tutapikia wapi?"

Wichian akasimama na nyundo mkononi. Akatazama sufuria, akamtazama kambare.

"Hilo nalo," akasema, "sijui."