Koti Lililotoka Sandukuni

Baba alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu nikiwa darasa la tano, hakurudi. Simu yake iliita wiki mbili bila kupokelewa, kisha ikazimwa. Wenzake walisema alihama machimbo, hawakujua alikoelekea. Mama alimsubiri miaka mitano pale kwetu Kihesa, Iringa, akishona nguo za watu Mlandege, mpaka wazee wa kanisa wenyewe wakamwambia inatosha, ajihesabu mjane.

Ndipo akaanza kuchekacheka na simu. Mwanaume mwenyewe alikuwa mgane, mwimba besi kwenye kwaya yao, mpole mpaka anaudhi. Jumapili alikuja na maparachichi, akaniita mwanangu. Nilimchukia bure kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa na wangu, kijana wa kidato cha nne, mtaa wa juu yetu. Ila mapenzi yangu niliyaona safi, ya mama niliyaona aibu.

Julai ile baridi ilizidi. Mama alifungua sanduku, akatoa koti zito la baba, lenye kiraka cha khaki mgongoni alichokishona mwenyewe, akalikung'uta.

"Tumpe mzee wa watu alivae," alisema. "Humu linaliwa na nondo tu."

Akalirudisha sandukuni mpaka apate nafasi ya kulifua. Kesho yake alipokwenda kazini nililitoa nikampa kijana wangu. Nilimwambia akilivaa anikumbuke. Uongo mtupu, nilitaka tu yule mgane asiliguse.

Jumamosi mama alitoka asubuhi kwenda Mlandege, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Haikupita nusu saa akarudi, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Nimemwona baba yako. Nimemwita kwa jina. Kageuka kidogo, kanijua, kakimbia."

Nilielewa hapo hapo. Kijana kasikia mama wa mpenzi wake anapiga kelele kwenye ukungu, asingekimbia? Lakini kabla sijafumbua mdomo mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, anapekua mpaka chini.

"Ana ufunguo wake," alisema taratibu. "Kaingia humu ndani, kachukua koti lake, kaondoka. Hata salamu hakuacha."

Ilihitajika sentensi moja tu. Niliogopa kumtaja kijana, na niseme yote, niliona pia kwamba habari ya mgane imekwisha. Nikaenda kubandika chai.

Jumatatu mama alimfuata mchungaji, akasimamisha matangazo ya ndoa yaliyobakiza Jumapili moja. Mgane alikuja mara ya mwisho, wakazungumza mlangoni, mlango umefunguliwa nusu. Nilikuwa nimeshinda. Kijana wangu nilimwambia alitupe lile koti, wala sikuuliza wapi. Hatukudumu. Kila aliponishika mkono nilihisi baba yuko nyuma yetu.

Mama hakubadilisha kitasa. Akienda kazini aliacha chakula kimefunikwa mezani. Nikitoka shule nakikuta, nakila, jioni ananiuliza kwa sauti ndogo nani kala.

"Ni mimi, mama."

Ananitazama kama namfichia mtu.

Siku hizi nafundisha Mbeya. Mwaka jana mama alikuja kukaa kwangu wiki moja, na siku ya tatu nikamwambia kila kitu: kijana, koti, ukungu, woga wangu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Alinisikiliza huku anachambua maharage, kisha akaweka ungo chini, akanipapasa mgongo.

"Unanionea huruma, mwanangu. Asante," alisema. "Lakini nimeishi na yule mtu miaka kumi na miwili. Nitashindwa kuujua mgongo wake?"

Nikaapa. Nikataja hata jina la yule kijana. Mama akatikisa kichwa, akachukua ungo wake. Baadaye akaniuliza basi la kwanza la Iringa linaondoka saa ngapi, maana kule nyumbani hakuacha mtu wa kumpokea baba.