Ndama wa Dimtu

Iko siku moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu ya tope lake. Ilikuwa kule Biliqo. Mto ulikuwa umejaa na kupungua, ukaacha kingo zinateleza kama sabuni. Ngamia wetu mmoja mzee, mama wa nusu ya ngamia wote wa baba, alishuka kunywa maji akateleza, akaangukia nyonga. Hakuinuka tena.

Wanaume wakaja mbio. Baba akasema avutwe kwa kamba, afungwe vijiti, atapona. Baba mdogo akasema hakuna kupona hapo, achinjwe sasa kabla hajakonda. Baba akasema huyu ngamia amemlea tangu utotoni, kisu hakitamgusa. Mimi nilikuwa nimekumbatia shingo ya yule ngamia nalia, kamasi mpaka mdomoni. Jua likapanda na sauti zikapanda, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Ndipo akaja nyanya yangu, Akko Tume. Akko ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa kuogopwa, mfupi, ana fimbo, hacheki ovyo. Hata hakumwangalia ngamia. Alisimama katikati ya wale wanaume akauliza, "Ndama wake amenyonya?"

Watu wakatazamana. Ndama alikuwa amefungwa kwenye zizi la miiba tangu alfajiri, anaita mpaka sauti imemkauka, na sisi sote tulikuwa tunamsikia. Wallahi tulimsikia! Lakini kila mtu aliona ni kelele tu za kumsumbua asisikike yeye.

"Ajabu," Akko akasema. "Wanaume wenye ndevu, mnagombania anayekufa, na mzima anakufa nyuma yenu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, hayo machozi yana maziwa? Inuka, kamfungue."

Akamkamua yule mama pale pale alipolala, ndama akanyweshwa. Kisha akaagiza aletwe ngamia mwingine aliyekuwa amefiwa na mtoto, akampaka ndama chumvi mgongoni ili mama mpya amlambe na kumzoea. Alipoona ndama anavuta chuchu na mkia unacheza, akaketi chini kando ya yule ngamia mzee, akamshika nyonga, akabonyeza hapa na pale. "Haya," akasema, "sasa tuzungumze habari ya mama yake." Akamuuliza baba swali moja tu: akiinuka leo, kiangazi kikija atatembea mpaka malisho ya mbali? Baba akainamisha kichwa. Basi ngamia akachinjwa, bismillahi, baba mwenyewe akimshika kichwa.

Sikula nyama ile. Nilimkasirikia Akko muda mrefu, namwona mtu asiye na huruma. Leo meno yangu ni machache kuliko yake ya wakati ule, na ndio naona kwamba kati yetu sote ni yeye tu aliyemhurumia anayeweza kusaidiwa.

Yule ndama aliishi. Akazaa, na watoto wake wakazaa, na katika ukoo wake alitoka Dimtu, jike mwekundu mwenye maziwa mengi na kiburi kingi. Na hapo kwa Dimtu ndipo laptopu inapoingia. Usicheke, sikiliza.

Mjukuu wangu wa kike, Talaso, alipopata nafasi chuoni, aliambiwa bila laptopu hatasoma. Mimi nakaa hapa Isiolo mjini, nauza maziwa ya ngamia sokoni. Mume wangu, mzee Galgalo, amebaki Biliqo na mifugo, kwa sababu mji unamuumiza kichwa. Mzee akamuuza Dimtu. Ngamia akatoka zizini, laptopu ikaingia nyumbani, na tangu siku hiyo akaiita laptopu jina hilohilo. Hajawahi kushika kompyuta maishani mwake, lakini kila akipiga simu ni, "Salaam aleikum, Talaso. Dimtu anakamuliwa?"

"Anakamuliwa, babu."

"Hapigi mateke?"

"Hapigi."

Basi mzee atacheka mpaka akohoe, mpaka mimi nimwambie amalize, simu inakula pesa.

Dimtu wa chuma naye akazeeka. Betri ikawa haikai na moto, mpaka achomekwe ukutani ndio awake. Bawaba ya kifuniko ikavunjika, ikafungwa kwa utepe wa gundi. Mwaka wa mwisho, Talaso alizunguka kwa wafugaji, Kipsing, Garbatulla, akiwauliza wazee wanavyotibu mifugo wakati wa ukame. Akarekodi sauti zao, akapiga picha, akaandika ripoti ya kumalizia chuo. Baadhi ya wale wazee wameshatangulia mbele ya haki. Sauti zao zilikuwa humo tu, ndani ya ile laptopu. Safari ya mwisho kutoka Garbatulla, unaijua ile barabara, mkoba ukaruka kutoka kwenye pikipiki ukaangukia mawe. Kioo kikapasuka. Ukiiwasha inawaka, inatetemeka, inazima.

Unajua alichofanya? Aliifunga kwa leso akaisukuma chini ya kitanda. Bila ripoti ile angerudia mwaka mzima, na siku ya kuipeleka inakaribia, lakini alinyamaza. Utamwambiaje mzee kwamba ngamia wake amekufa? Babu akiuliza, "Dimtu anakamuliwa?" mtoto anajibu, "Anakamuliwa," na sauti inazidi kuwa nyembamba. Mimi nilijua kuna jambo alipoanza kuacha chai yangu ipoe. Chai yangu haipoi nyumbani kwangu! Nikambana, akalia, akaitoa.

Basi nyumba ikageuka bunge. Mwanangu Halake, mwenye lori, alikuwa amepita na mke wake kunisalimia. Akaigeuzageuza akasema, "Hii ni takataka, mama. Inunuliwe ingine." Mke wake akasema acha kiburi, kioo kinabadilishwa, cha kaka yake kilibadilishwa kikawa kizuri kuliko kwanza. Jirani yangu Mama Kendi, aliyekuja kuchukua maziwa, naye akaketi kabisa: hizi za zamani leo unarekebisha sikio, kesho inauma jicho, yeye hapendi. Talaso ameikumbatia kifuani. "Ni Dimtu, Akko. Nitamtupaje?"

Na kila baada ya maneno mawili Halake anasema, "Hebu iwashe tena tuone." Inawaka, inatetemeka, inazima. "Tena." Inawaka, inazima, na ikawa moto kama sufuria. Nikamtazama mtoto alivyoikumbatia, machozi na kamasi, na wakubwa wanapiga domo juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimeshaiona siku hii.

"Zima hicho kitu!" nikapiga kelele. "Ndama amenyonya?"

Wote wakanitazama. Halake akauliza polepole, kama unavyomwongelesha mgonjwa, "Mama, uko sawa?"

"Niko sawa kuliko wewe. Talaso, hiyo kazi yako, sauti za wale wazee, iko mahali pengine popote?"

"Hapana, Akko. Iko humu tu."

"Basi nyinyi mnabishana nini?"

Nikajitanda shuka, tukaenda kwa fundi Mwenda, kijana Mmeru mwenye kibanda nyuma ya soko. Alipoanza kunieleza habari za kioo nikamwambia, mwanangu, kioo baadaye. Toa kwanza kilicho ndani. Akafungua misumari midogo midogo, akatoa kitu bapa kisichojaa kiganja, akasema hii ndiyo diski, ndiyo inayoweka kumbukumbu zote. Akaiunganisha na mashine yake. Talaso alinishika mkono akakaza mpaka pete ikaniuma.

Yakatokea majina, moja chini ya jingine. Talaso akagusa moja, na mzee wa Garbatulla akakohoa pale kibandani, akasema "Bismillahi," akaanza kueleza dawa ya kuhara kwa ndama kana kwamba yuko hai. Mtoto akalia tena, kilio kingine hicho, cha kushusha pumzi. Mwenda akanakili kila kitu mahali pawili, pamoja na huko kwenye mtandao ambako mimi sikujui.

"Haya," nikamwambia, "sasa tuzungumze habari ya mama yake. Ukiitengeneza, itatembea?"

Mwenda hakunidanganya. Kioo kinapatikana, akasema, betri inapatikana, lakini ubao wa ndani wenyewe umepasuka. Anaweza kuuunga, ila hawezi kuapa kwamba utafika mwezi ujao. Kama ingekuwa kioo na betri tu, mwanangu, ningesema itengenezwe bila aibu. Redio yangu nimeifunga kwa kamba ya kiatu, na habari inaniletea zilezile wanazopata wenye redio mpya. Lakini ubao ulikuwa umekwenda. Tukachanga, Halake naye akatoa, tukamnunulia nyingine iliyotumika, nzima. Ile diski ya zamani Talaso akaifunga kwa kitambaa akaitia kwenye mkoba.

Likabaki la kumwambia mzee. Talaso akapiga simu, akaifungulia sauti ili na mimi nisikie. "Salaam aleikum, Talaso. Dimtu anakamuliwa?"

Mtoto akasema, "Babu, Dimtu amekufa."

Upande wa pili tulisikia mbuzi wanalia, tukasikia upepo. Nilikuwa nimenyoosha mkono nimnyang'anye simu nimtetee mtoto. Kisha mzee akauliza, "Ameacha ndama?"

Wallahi sikuwa nimemwambia lolote. Talaso akanitazama, mdomo wazi. "Ameacha, babu."

"Amenyonya?"

"Amenyonya."

"Basi unalia nini, mama yangu? Mimi nimechinja ngamia wengi sana. Sauti yako imekuwa nyembamba siku hizi zote, nikadhani ni wewe unaumwa na wananificha. Silali kwa ajili yako, siyo ya ngamia. Mlete huyo ndama nimwone."

Ripoti ilifika kwa wakati, akafaulu. Likizo akaenda Biliqo, akamwekea babu ile diski mkononi. Mzee akaipima uzito, akaigeuza, akaipuliza vumbi. "Mdogo," akasema. "Lakini hata Dimtu alizaliwa mdogo." Akaifunga kwenye kona ya shuka lake, na hataki kuirudisha mpaka leo.

Kwa hiyo wewe uliye na kitu chako kilichochakaa, laptopu au chochote, na watu wamekuzunguka, huyu anasema tengeneza, yule anasema tupa, wanyamazishe kwanza. Uliza nini kiko ndani ambacho hakinunuliwi dukani, ukitoe, ukiweke pawili. Hata kama chako bado kizima, fanya leo, usingoje barabara ya Garbatulla. Ukishamaliza ndipo umuulize fundi mkweli kilichovunjika ni nini na kikiungwa kitakufikisha wapi. Kama kitakufikisha, kitengeneze, usione haya ya wenye vipya. Kama hakitakufikisha, kiache kiende, usikiweke kwa kuhurumia aliyekupa. Na jambo likikuharibikia, usilifunge kwa leso ukalisukuma chini ya kitanda kwa kutuogopa sisi wazee. Ngamia tulimuuza kwa ajili yako wewe. Ukitupigia simu na sauti nyembamba, tunabaki macho, tunasikiliza wewe tu.

Mungu akutunzie macho na mikono yako, akupe fundi asiyedanganya na watu wa kukuambia ukweli bila kukuvunja. Kinachokufa mikononi mwako kisife bila kukuachia kitu. Sema amina, mwanangu, kisha inuka, kamfungue ndama.